Pumzi Haitoshi

Siku ya kukabidhi ofisi nilikabidhi vitu hivi: mipira sita, minne ikiwa mizima, koni za plastiki, mbili zimetafunwa na mbuzi wa jirani, filimbi mbili, futi kamba ambayo mita yake ya kwanza ilikatika zamani, kwa hiyo anzeni kupimia kwenye moja na msisahau kuitoa, na saa ya kupimia mbio ambayo kitufe chake cha kulia kinataka kubembelezwa. Mwalimu Faraja, binti aliyechukua nafasi yangu, alitia sahihi kila mstari. Halafu akainua kitambaa kilichotandikwa ndani ya sanduku la vifaa, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaniuliza mbona hii haimo kwenye orodha.

"Hiyo ni yangu," nikamwambia. "Hiyo siikabidhi."

Alikuwa ameshaikunjua. Akasoma, akanitazama. "Mwalimu, huu si mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Basi tuandikie ni ya nini. Ukiondoka hivi hivi, sisi tutajuaje?"

Ndiyo maana nimekaa hapa barazani kwangu Milanzi, Sumbawanga, nimejifunga shuka juu ya sweta, naandika. Mambo ya vyeo sitayagusa, na mshahara mnaujua kwa sababu ni huo huo wenu. Nitasema ya uwanjani na ya chuoni, na kosa moja nililolifanya nikiwa na shahada yangu mkononi.

Nilianza kazi nikiwa mwalimu wa jiografia. Wiki ya kwanza mkuu wa shule aliniona nimevaa raba, kwa sababu viatu vyangu vya kazi vilikuwa vimelowa matope, akasema mbele ya walimu wote, "Mwalimu Kristina ndiye wa michezo." Hakuniuliza kama najua mchezo wowote. Nilipewa filimbi na ufunguo wa stoo, na stoo yenyewe haikuwa na mlango. Kwa miaka mingi sayansi yangu ilikuwa ndogo tu: zungukeni uwanja mara tano, anayechoka ni mvivu, anayeanguka hakunywa chai asubuhi.

Kisha siku moja mwanafunzi wa kidato cha pili alianguka kweli, katikati ya uwanja, macho yamegeuka. Nilimmwagia maji. Nikampepea kwa daftari la mahudhurio. Wenzake walinizunguka wakinitazama mimi, siyo yeye, wakisubiri nifanye jambo, na sikuwa na jambo la kufanya. Aliamka mwenyewe baada ya dakika chache, kwa bahati yake na siyo kwa elimu yangu. Jumatatu yake nikaanza kuulizia fomu za chuo kikuu, shahada ya sayansi ya michezo.

Baba yangu alikuwa mkulima wa Mollo. Nilimkuta shambani anafukia majani ndani ya matuta, kama tunavyofanya huku kwetu kabla ya kupanda. Nilipomweleza, alisimama akaegemea jembe.

"Chuo kikuu," akasema. "Kusomea kukimbia."

"Sayansi ya michezo, baba."

"Haya. Ukimaliza utakuwa unatukimbilia gulioni, tuokoe nauli."

Mama alinifungia unga wa ulezi, kilo tano, akaniambia watu wa Pwani hawana chakula cha kushika tumbo. Unga huo kumbukeni, maana utatusumbua baadaye.

Chuoni niliingia nina watoto wawili na mvi tatu. Siku ya kwanza kijana mmoja alinipa shikamoo akanionyesha meza ya mbele, akidhani mimi ndiye mhadhiri. Nikamwambia mimi mwanafunzi. Akaona aibu, na mimi pia nikaona aibu, mpaka mhadhiri wa kweli alipoingia akatuokoa. Alikuwa mwanamke mfupi wa Pwani, amevaa gauni refu na ushungi, na chini ya gauni raba nyeupe. Mimi nitamwita Dokta Salha. Wanafunzi walimwita Mama Mapigo, kwa sababu kila aliyemsogelea alishikwa mkono kwanza, akahesabiwa mapigo, ndipo akaulizwa shida yake.

Watu hudhani tulikwenda kucheza. Tulikariri misuli na mifupa mpaka nikawa nikiona mtu anapanda ngazi naitaja misuli ya paja lake kimoyomoyo. Tulisoma hesabu za wastani, ambazo nililia nazo chooni, nasema ukweli. Tulijifunza moyo unavyosukuma damu, damu inavyobeba hewa, misuli inavyoila hiyo hewa. Kulikuwa na mashine moja ya kukimbilia ndani ya chumba, ikiwashwa jengo zima linajua. Na kila zoezi lilikuwa na fomu yake, na juu ya fomu palikuwa na nafasi ya kujaza mahali na siku.

Dokta Salha aliirudia sentensi moja kwa miaka yote mitatu: "Usiniandikie ulichodhani. Niandikie ulichopima, na ulipopimia." Mimi ile nafasi ya mahali nilizoea kuiacha wazi. Niliona upuuzi kuandika jina la chumba kile kile kila wiki. Alikuwa ananizungushia kalamu nyekundu, nami najitia sijaona.

Wiki ya pili tulikimbia mbio za dakika kumi na mbili, ambapo mtu anakwenda awezavyo mpaka filimbi ilie, kisha unapima umbali wake na kuulinganisha na jedwali. Jasho lilinitoka mpaka kwenye nyusi, joto lile sikuwahi kuliona, lakini niliwapita mabinti walioweza kuwa wanangu. Siku ile ile tulitobolewa vidole kupima wingi wa damu. Yangu ilikuwa juu kuliko ya darasa zima. Dokta Salha aliangalia kipimo mara mbili.

"Wewe unatoka wapi?"

"Sumbawanga, Dokta."

"Ahaa. Huko kwenu kuna nini cha ajabu?"

"Ulezi," nikajibu bila kupoteza muda.

Darasa likacheka, umeme ukakatika, tukatoka nje. Mimi kichwa kilikuwa kimevimba. Nikampigia mama simu nikamwambia vipimo vya chuo kikuu vimethibitisha ulezi. Naye akamwambia baba, baba akawaambia watu waliotoka kanisani Jumapili, na kwa wiki moja nilikuwa msomi mkubwa Mollo.

Baada ya miezi kadhaa nguvu zikapungua. Mbio zile zile sikuzifikia tena, na damu ilipopimwa ilikuwa imeshuka, sawa na ya wenzangu. Nikakagua mfuko wa unga, nikaona umebaki wa kukung'uta tu. Sababu hiyo hapo. Likizo nikarudi nyumbani, nikanywa uji mwezi mzima, nikarejea chuoni na mfuko mwingine, na kweli wiki za mwanzo nikakimbia vizuri. Mtu yeyote mwenye akili angeridhika na ushahidi kama huo. Mimi niliridhika.

Mwaka wa tatu tulifundishwa habari za nyanda za juu: hewa inavyokuwa nyepesi, mgeni anavyoishiwa pumzi siku za kwanza, damu inavyojiongeza taratibu kwa wiki kadhaa, na inavyopungua tena mtu akishuka. Picha zote zilikuwa za milima yenye theluji. Niliandika kurasa nne kwenye mtihani nikapata A. Haikunipita akilini hata dakika moja kwamba ninajiandika mwenyewe. Kwangu mlima ni kitu unachokitazama juu. Sisi wa Ufipa tukifungua mlango asubuhi tunaona nyasi na tambarare mpaka macho yachoke, na mteremko wetu mkubwa, Lyamba lya Mfipa, tunauona kama njia ya kushukia bondeni. Kwamba tayari tuko juu, hilo halisemwi na mtu. Ni nyumbani tu.

Siku ya kuagana Dokta Salha alinipa hiyo saa ya kubonyeza mliyoikuta sandukuni. "Itunze," akasema. "Na ujaze mahali."

Nikarudi shuleni, na ndani ya mwaka mmoja nikapewa kazi ya kuchagua timu ya mbio ya shule za mkoa. Nilikuwa mkali. Wavulana wa mjini waliokuwa wanakuja kunisalimia "Mambo, ticha" waliacha, wakaanza kunipa mapigo yao ya moyo ya asubuhi bila kuulizwa. Hakuna tena kuchagua mtoto kwa kuwa mjomba wake ni fulani. Kila mtoto alikuwa na fomu yake, muda wake, mapigo yake kabla na baada. Kulikuwa na safu ya mwisho, sababu ya kuachwa, nayo niliijaza kwa wino na kuipigia muhuri wa shule. Niliipenda safu ile kuliko zote. Niliona ndiyo tofauti yangu na walionitangulia.

Timu za bondeni zilikuwa zinapanda kwa lori Ijumaa jioni, zinalala madarasani, zinakimbia Jumamosi asubuhi. Na kila mwaka zinashindwa. "Watu wa bondeni hawana pumzi," tulikuwa tunasema, na tulisema hivyo tangu utoto, tukiwa na kajivuno kidogo. Mimi nikaongeza sayansi: tatizo ni ubwabwa, hawali ulezi. Nilikuwa nasema haya mbele ya walimu wenzangu, kwa sauti.

Mwaka ule alipanda binti wa kidato cha pili kutoka Ilemba, jina lake Kabula. Wazazi wake ni wafugaji waliohama kutoka upande wa Shinyanga na ng'ombe wao, wakaweka makazi kule chini. Alikuwa mwembamba, miguu mirefu, ameazima raba zilizomzidi akajaza karatasi mbele. Mwalimu wao wa michezo, Deo, alinivuta pembeni.

"Mwalimu, huyu muangalie vizuri. Kule kwetu anawaacha wavulana. Muda wake huu hapa," akanionyesha simu.

"Umepimia simu?"

"Ndiyo."

"Na uwanja kaupima nani?"

"Mimi mwenyewe, kwa kamba."

Nikatabasamu. Lile tabasamu hadi leo linaniuma.

Asubuhi kulikuwa na baridi na upepo wetu mnaoujua. Kabula alitoka mbele, mizunguko miwili ya kwanza hakuna aliyemkaribia, na kweli alikuwa anakimbia vizuri, mabega yametulia. Mzunguko wa tatu mdomo ukafunguka. Wa nne akaanza kushika ubavu. Watoto wetu wakampita mmoja mmoja, mpaka na wale niliowaleta kujaza idadi. Akasimama, akainama, mikono kwenye magoti, na nilipomfikia alikuwa analia, siyo kwa maumivu.

"Mwalimu, naomba nirudie kesho," akasema. "Sijui leo nina nini. Kwetu sichoki hivi. Baba amesema nikiingia timu ya mkoa ataniacha nikimbie mpaka nitakakofika."

Mtoto huyo alikuwa anataka kitu kimoja tu, na nilikuwa nimekishika mimi. Kesho yake lori lilikuwa linaondoka alfajiri, na mimi nilikuwa na watoto wengine wa kupima. Nikahesabu mapigo yake, yalikuwa juu mno na hayashuki. Nikaandika kwenye safu yangu: Pumzi haitoshi. Na kwa kuwa nilikuwa msomi, nikaongeza: Achunguzwe kifua. Nikapiga muhuri, nikampa nakala aipeleke nyumbani.

Mwaka mmoja baadaye niliombwa niteremke Ilemba kuwaonyesha walimu wa kule jinsi ya kupima uwanja. Dereva alikuwa Kasto, anayepanda na kushuka mteremko ule kila wiki kupeleka vitabu na chaki. Masikio yaliziba njiani kama kawaida. Chini joto lilitupokea kama oveni ya mikate iliyofunguliwa. Uwanjani watoto walikuwa wanakimbia miguu peku, na kando, chini ya ukuta wa darasa, alikuwa amekaa binti mmoja kwenye kiti amevaa sweta zito la sufu, limefungwa vifungo mpaka shingoni. Sikumtambua. Nikamsogelea.

"Binti, mbona sweta joto hili?"

Akasimama akanipa shikamoo. "Nina kifua, mwalimu."

"Nani kakwambia una kifua?"

Akatazama chini. "Si uliandika mwenyewe, mwalimu."

Alikuwa Kabula. Deo alinieleza mengine tukiwa tumesimama pale pale. Baba yake, Mzee Masanja, alikuwa ameichukua karatasi yangu akaenda nayo zahanati, wakasema hawaoni kitu. Akaenda nayo hospitali kubwa, wakapiga picha, wakasema kifua kizima. Hakuwaamini, kwa sababu karatasi yangu ilikuwa na muhuri na ilitoka kwa mwalimu aliyesoma chuo kikuu mambo ya kukimbia. Tangu hapo Kabula hachoti maji, hachungi, hakimbii. Wenzake wanamwita Mgonjwa, siyo kwa ubaya, wamezoea tu. Akipanda ngazi za darasa anasimama katikati kupumzika, na hakuna aliyemwambia apumzike.

Nikamuuliza Deo uwanja aliopimia ni upi. Nikautandikia futi kamba yangu, nikaupima wote nikiwa nimepiga magoti kwenye mavumbi. Ulikuwa sahihi, tena ulizidi kidogo. Muda wa Kabula aliokuwa nao kwenye simu haukuwa uongo. Msichana aliyekimbia hivyo hawezi kukosa pumzi, na mimi nilimwona kwa macho yangu amekosa pumzi. Sikulielewa jambo hilo, nikaingia garini bila kuaga vizuri.

Tulipoanza kupanda nilikuwa na chupa ya maji, nimekunywa nusu kule chini na kuifunga. Tulipofika juu, ambako upepo unaanza kuuma, niliishika nikaona imekaza, imejaa kama imepulizwa. Nikafungua kifuniko, ikatoa sauti ya hewa.

"Kila siku inafanya hivyo," akasema Kasto bila kugeuka. "Nikishuka inabonyea, nikipanda inavimba. Hewa ya huku kwetu nyepesi, mwalimu."

Nilimwomba asimamishe gari. Nikashuka nikasimama kando ya barabara na chupa yangu. Kurasa nne za mtihani zilinirudia, neno kwa neno, pamoja na ile A. Nikaona na fomu zote za miaka yote, watoto wa bondeni waliopanda lori Ijumaa na kukimbia Jumamosi, na mwandiko wangu mzuri kwenye safu ya mwisho. Nilitamani ardhi ipasuke. Kasto alidhani nimechafukwa na tumbo, akaniletea maandazi.

Usiku huo sikulala, asubuhi nikampigia Dokta Salha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kristina, Sumbawanga iko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari?"

Nikamtajia namba papo hapo.

"Umeijuaje kwa kichwa?"

"Naifundisha, Dokta. Kidato cha tatu, jiografia."

Alicheka kwa muda mrefu. "Na mtihani wangu ulipata ngapi?"

"A."

"Basi na mimi sikupima vizuri, maana nilikupa." Kisha nikasema kidogo kuhusu ulezi, maana bado nilikuwa na tumaini. "Ulezi mzuri, mwanafunzi wangu, unywe. Lakini sababu siyo ulezi," akanijibu. Halafu sauti ikabadilika. "Huyo mtoto ameshajua?"

"Bado."

"Sasa unanipigia mimi wa nini?"

Jumamosi nikateremka tena. Mzee Masanja alinipa kigoda na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akakaa mbele yangu na fimbo kati ya magoti. Mkewe alikaa pembeni, na Kabula nyuma ya mama yake, amevaa sweta lile lile. Nilikuwa nimejiandaa kueleza hewa na damu. Nilipoanza niliona nazungukazunguka, nikaacha.

"Mzee, nimekuja kusema nilikosea. Binti yako hana ugonjwa. Alipanda kwetu Ijumaa akakimbia Jumamosi, na kwetu hewa ni nyepesi kwa mtu aliyetoka huku. Hata mimi ningetoka huku ningeshindwa. Nilipaswa kujua, na nilikuwa nimesomea. Kifua chake ni kizima."

Ng'ombe walikuwa wanapita nyuma ya nyumba na mzee akangoja wapite.

"Hospitali waliniambia hivyo hivyo," akasema. "Nikawabishia. Nikawaambia, mwalimu wa chuo kikuu ameandika."

"Najua. Nisamehe."

"Mwaka mzima, mwalimu, nimemkataza hata kucheka sana."

Nikatoa daftari, nikaandika nilichokisema, nikatia sahihi, nikampa. Aliishika karatasi, akaigeuza, akanirudishia.

"Hii haina muhuri," akasema. "Ile nyingine ilikuwa nao."

Nataka mjue kwamba alikuwa na haki. Nilipanda juu, nikamweleza mkuu wa shule kwa nini nataka muhuri kwenye barua inayosema nimekosea, akafungua droo. Jumamosi iliyofuata nikashuka mara ya tatu. Kasto ndiye aliyeniteremsha.

Safari hii Mzee Masanja alimpa Kabula karatasi aisome kwa sauti. Alisoma kama wanavyosoma darasani, taratibu, bila kupandisha wala kushusha. Alipofika kwenye maneno "kifua chake ni kizima" akasimama, akayarudia, siyo kwa ajili yetu. Baba yake akauangalia muhuri kwa karibu, akaupitishia kidole gumba.

"Vua sweta," akasema.

Akafungua vifungo, kimoja kimoja, kuanzia shingoni. Mama yake alilipokea akalikunja. Mzee Masanja akaingia ndani, akatoka na ile karatasi ya kwanza, imekunjwa mara nne, akaniwekea mkononi. "Hii chukua yako, mwalimu." Nililia njia nzima ya kupanda, na Kasto akaniachia redio.

Mwaka uliofuata Kabula alikuja kukaa kwangu Milanzi wiki tatu kabla ya mchujo. Siku za kwanza kichwa kilimuuma, alilala vibaya, akapanda kilima cha nyuma ya nyumba akakaa chini akaniangalia kwa woga, na nikaelewa woga wenyewe niliuweka mimi. "Leo tembea tu," nikamwambia. "Hiyo siyo kifua, ni Sumbawanga." Wiki ya pili akaanza kukimbia taratibu. Wiki ya tatu nilimsindikiza na saa yangu asubuhi moja, akanipotelea kwenye mashamba ya mahindi, nikabaki nasikia miguu tu. Ndiyo, nilimpa uji wa ulezi kila siku. Sioni sababu ya kumnyima mtoto uji kwa sababu ya sayansi.

Alikuwa wa pili kwenye mchujo, akaingia timu. Kwenye mashindano makubwa ya kitaifa alimaliza wa tisa, akarudi anacheka kama aliyeshinda. Mimi nikarudi kwenye mafaili. Nilitaka kuhesabu watoto wote wa bondeni niliowaandikia maneno yale. Nilianza nikaacha, siyo kwa uvivu. Wengine niliwatafuta kwa barua kupitia walimu wao. Wachache walijibu. Mmoja alijibu kwamba ana watoto wawili na hakumbuki kama aliwahi kukimbia.

Ndipo tukakubaliana timu za bondeni zipande mapema, na walimu wa mjini wakanung'unika kwamba tutawalisha nini wiki tatu. Wazazi wa Ilemba wakaleta mchele, wa kwetu wakaleta mahindi na maharage, tukala vizuri kuliko siku zote. Na kwenye fomu nikaongeza safu inayouliza mkimbiaji amefika lini, na anatoka wapi. Mwalimu Faraja, nimesikia fomu inapangwa upya iwe ya kompyuta. Vizuri. Lakini safu hiyo msiifute, hata kama itaharibu upana wa ukurasa.

Wiki iliyopita, nikiwa nimeshastaafu, Kabula alibisha hodi hapa Milanzi. Amemaliza kidato cha sita, amenizidi urefu, na alibeba mfuko wa mchele kutoka kwa baba yake. Anaomba kwenda chuo kikuu, sayansi ya michezo. Fomu ya ufadhili ilitaka mwalimu aliyemfahamu amwelezee.

"Baba yako anasemaje?" nikamuuliza.

"Amesema nikasome, halafu nirudi niwapime ng'ombe wake mapigo."

Nikavaa miwani. Nilijaza bidii, nidhamu na mengine yote haraka. Chini kabisa palikuwa na mstari: taja upungufu wa mwombaji. Kalamu ikasimama. Kabula alikuwa anaangalia nje ya dirisha, kwa adabu, kana kwamba hajui nimefika wapi. Nikaandika: "Sijauona. Niliwahi kudhani nimeuona, nikauandika na kuupigia muhuri. Ulikuwa wangu mimi."

Alisoma, akaziba mdomo kwa kiganja. "Mwalimu, hapa wataniuliza."

"Waambie wanipigie. Nimestaafu, nina nafasi."

Nikatia sahihi. Pembeni mwa sahihi palikuwa na nafasi ndogo ya kujaza mahali, ile ambayo maisha yangu yote ya chuo niliiacha wazi. Nikaijaza: Sumbawanga, uwanda wa juu.